Neno la Bi Chumu Nililolilainisha

Kwa miaka ishirini na minane nilisema "mimi", na aliyekusudiwa hakuwa mimi. Nilisema "mimi nimeiba mbuzi" na sijapata kuiba hata yai. Nilisema "mimi nimeomba talaka kwa sababu bwana huyu hanilishi", na mahakama nzima ikaangua kicheko, maana ndevu zangu wakati huo zilikuwa zimenifika kifuani. Ndiyo kazi ya mkalimani, wanangu. Shahidi akisema "mimi", na wewe sema "mimi". Usiseme "anasema kwamba". Ukishaanza "anasema kwamba" umejitia katikati, na aliye katikati hakawii kuongeza na kupunguza.

Hilo nilifundishwa mwezi wa kwanza kazini. Nalitanguliza ili mjue kwamba niliyokuja kuyafanya baadaye sikuyafanya kwa ujinga.

Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniomba niwaandikie nyinyi mnaosomea sheria na ukalimani, niwape maarifa ya kazi na niwachekeshe kidogo. Maarifa nitawapa. Kucheka mtacheka mtakapoweza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza hapa Chake Chake. Siku zile Mahakama Kuu ilikuwa na majaji walioletwa kwa mkataba kutoka nchi nyengine za Afrika. Watu wasomi, wenye adabu zao, lakini Kiswahili hawakijui. Shahidi anatoka Konde au Mtambwe, hajui lugha nyengine ila ya kwao, jaji yuko pale juu, na baina yao pana bonde. Nikaitwa niwe daraja. Nilifurahi sana. Nilishona na koti.

Aliyenifundisha ni Mzee Shaame, mkalimani wa zamani, mtu mwembamba ambaye hakukosa kipande cha tangawizi shavuni. Alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta katika vitabu vyenu. Simama pahala unapouona mdomo wa shahidi na kalamu ya jaji kwa pamoja. Kalamu ndiyo inayokupimia mwendo: ikiandika, wewe nyamaza, ikinyanyuka, endelea. Shika kijidaftari, andika majina na hesabu tu, mengine yaache kichwani. Usile pweza asubuhi ya kesi ndefu. Hilo la mwisho sikulielewa mpaka siku nilipolivunja, na aliyeniombea mahakama iahirishwe kwa dakika kumi alikuwa mshitakiwa mwenyewe.

Lakini kubwa alilonionesha ni hili. Siku zile hapakuwa na kinasa sauti. Jaji aliandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza, kile alichokisikia kutoka kwangu. Alichokisema shahidi kwa Kiswahili hakikuandikwa popote. Kilitoka mdomoni, kikapita dirishani, kikaenda zake. Kilichobaki katika jalada ni maneno yangu. Watu wakikata rufaa, wanaosoma kule Unguja wanasoma maneno yangu. Shauri likienda nje ya nchi, maneno ni yale yale yangu.

"Ogopa sana," Mzee Shaame aliniambia. "Watu wanadhani jaji ndiye mkubwa humu ndani."

Niliogopa, na bado nilikosea. Mara moja shahidi alisema alikwenda shamba na "ndugu yangu Hamadi". Nikamwambia jaji ni kaka yake wa tumbo moja. Siku ya pili shahidi akaulizwa ana ndugu wangapi kwa mama, akasema hana, yeye kazaliwa peke yake. Jaji akamwona mwongo. Nilipofahamu kosa nilinyanyuka palepale nikasema, "Mheshimiwa Jaji, naomba kusahihisha tafsiri yangu. Ndugu kwetu ni jamaa yeyote." Jaji akakata alichoandika, akaandika upya, mambo yakaisha. Lishikeni sana neno hilo, kusahihisha. Linasemwa kwa pumzi moja, na halijapata kumfukuzisha mtu kazi.

Mara nyengine wakili alimuuliza bibi mmoja wa Wesha kama aliliona tukio kwa macho yake mwenyewe. Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Hivi macho yaazimwa?"

Nami nikamwambia jaji, "Ndiyo."

Watu walicheka, jaji akashangaa kwa nini "ndiyo" inachekesha. Nilijiona hodari, nimemkinga bibi asionekane hana adabu. Sikuona ubaya wake. Mnaona lakini nilivyokuwa nimeshaanza kupunguza maneno ya watu.

Mazoea hayo niliyapata kwa Mzee Shaame huyohuyo. Nilikuwa bado mwanafunzi wake aliposimamishwa mkulima mmoja aliyekamatwa na magunia ya karafuu kwenye mikoko, akituhumiwa kutaka kuzivusha ng'ambo. Miaka ile karafuu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, na kuuza pengine lilikuwa kosa kubwa. Alipotiwa hatiani, jaji akamuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Yule bwana akashika ukingo wa kizimba.

"Karafuu kapanda babangu," alisema. "Nimechuma mie, kaanika mke wangu. Mwizi hapa n'nani?"

Mzee Shaame akaihamisha tangawizi yake shavu la pili, akamgeukia jaji, akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba mshitakiwa anaomba huruma ya mahakama, ana mke, na baba yake ni mtu mzima.

Yule bwana alipewa adhabu ndogo kuliko wenzake wote wa mwezi ule. Tulipotoka nje nilimwambia Mzee Shaame, "Lakini sivyo alivyosema."

"Ningelitoa neno lake kama lilivyo, lingemrudia mwenyewe," alinijibu. "Hizi si siku za kusema, kijana. Lainisha. Mtu arudi kwake."

Mlio vijana hamjui siku zile zilikuwaje. Mtu alipima neno lake nyumbani kabla hajatoka nalo barazani. Kwa hiyo sikumwona Mzee Shaame kuwa mwongo, nilimwona mtu wa rehema, na bado sijui kama nilikosea kumwona hivyo. Alipostaafu nikarithi kiti chake na nikarithi na dawa yake. Mtu akitoa tusi, mimi natoa malalamiko. Akitoa malalamiko, mimi natoa ombi. Wengi walirudi makwao kwa sababu yangu na hawakujua. Nikajizoesha hivyo mpaka ulimi ukawa unalainisha wenyewe kabla sijauambia.

Sasa nije Mtondooni.

Ni kijiji cha bondeni, cha watu mchanganyiko: wenyeji wa asili, na wale ambao wazee wao walitoka bara zamani, wakapewa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi. Wamekwishaoana, wote wanalima mpunga na muhogo. Katikati ya bonde palikuwa na chemchem isiyokauka hata kiangazi. Ukaja mradi wa maji. Watu wakaitwa skuli, wakasomewa karatasi kwamba maendeleo yanakuja na kila nyumba itoe nguvu kazi. Hawakuulizwa neno. Wakachimba mtaro kwa majembe yao, wanaume na wanawake, kutoka chemchem mpaka barabara kuu. Ulipokwisha kuchimbwa, bonde likazungushiwa uzio, wakaambiwa pale sasa ni chanzo cha maji, marufuku kulima. Bomba likaenda mjini, na tawi moja likaenda kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa pwani. Mtondooni hapakuwekwa hata mfereji mmoja wa kuchotea maji. Wakaambiwa wao ni awamu ya pili.

Pampu ilipoanza kuvuta, visima vyao vya zamani vikaingia chumvi. Wanawake wakawa wanafuata maji kijiji cha pili, wakipita juu ya bomba walilolichimbia mtaro wenyewe. Walikwenda kwa sheha, wakenda wilayani, wakenda mkoani. Kila walipokwenda waliambiwa wawe na subira. Mtoto mmoja wa pale alikufa kwa tumbo la kuharisha, kisha mwengine. Huyo wa pili alikuwa mjukuu wa Bi Chumu Faki.

Bi Chumu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, sauti yake nzito kama ya mwanamume. Hakujua kusoma ila Kurani. Yeye ndiye aliyewakusanya wenziwe, na yeye ndiye aliyempata Bi Zuhura, wakili kijana kutoka Unguja aliyekuja Chake kwa kesi nyengine. Bi Chumu alimkamata mkono pale ngazini pa mahakama akamwambia, "Wewe mwanangu wajua sheria. Njoo ukaonje maji yetu."

Bi Zuhura akenda, akaonja, akafungua shauri la katiba Mahakama Kuu.

Siku ya kwanza ya shauri nilikuwa ukumbini nje nikiwasikia. Bi Zuhura anawaeleza watu wake wanachokidai. Kwamba pana mkataba wa haki za binadamu wa Afrika, nchi yetu imeutia saini, na ndani yake mna kifungu kinachosema kila umma una haki ya maendeleo yake.

"Haki hiyo haishii kwenye kujengewa," alisema. "Muulizwe kabla. Mshirikishwe katika kuamua. Na kikija, mpate fungu lenu. Nyinyi hamkuulizwa, mlichimbishwa, na hamkupata."

Bi Chumu akasema, "Kumbe kitu hichi kina jina."

"Kina jina, Bi Chumu."

"Miaka yote nikidhani ni uchungu wangu tu."

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Hakuna atakayesema mkalimani hakuelewa watu wale wamefuata nini.

Ndani, mwanasheria wa serikali alianza na hoja zake, na hazikuwa hoja za kipumbavu, mzisome vizuri kwa sababu mtakutana nazo. Kwanza, mkataba wa nje hata ukitiwa saini hauna nguvu mahakamani mpaka utungiwe sheria ya ndani, na huo haukutungiwa. Pili, yale ya maendeleo yaliyomo katika Katiba ni malengo ya kuiongoza serikali, na mahakama haiwezi kuyahoji. Tatu, mradi ulikuwa wa faida ya umma, na Mtondooni ni sehemu ya umma. Bi Zuhura akajibu kwamba Katiba inalinda uhai na mali ya mtu, na mkataba usaidie kuzisoma haki hizo hata kama hauna nguvu peke yake. Na mtu aliyenyang'anywa bonde na maji bila kuulizwa haombi sera, anadai alichokuwa nacho. Kule kwengine Afrika, alisema, watu waliotolewa kwenye ardhi yao wameanza kusikilizwa kwa hoja hii hii. Jaji aliandika sana siku ile. Niliuona uso wake, na nawaambia alikuwa anavutika. Akasema anataka kusikia ushahidi kabla hajaamua kama kuna haki iliyoguswa.

Bi Chumu akapanda kizimbani, akaapa kwa msahafu. Alieleza mtaro, uzio, chumvi, mjukuu. Yote hayo niliyatafsiri sawasawa, nashukuru. Mwanasheria wa serikali akamhoji, hakumtikisa. Mwisho jaji mwenyewe akaweka kalamu chini, akamuuliza kupitia kwangu: "Mama, unataka mahakama hii ikufanyie nini?"

Safu ya mbele walikuwa wamekaa wakubwa wa wilaya na mkoa. Nilikuwa nawajua kwa majina, mmoja alikuwa jirani yangu. Wiki moja kabla alikuwa amenisimamisha njiani akaniambia kwa upole, "Wale watu wa Mtondooni wanatiwa maneno. Waelekeze." Hakuongeza kitu. Hakuhitaji.

Bi Chumu hakuwatazama wao. Alimtazama jaji.

"Maji yatoka kwetu. Mtaro tumechimba sie. Bonde la wazee wetu limezungushiwa waya na hapana aliyetuuliza," alisema. "Twataka chetu."

Kalamu ya jaji ilikuwa imenyanyuka, inanisubiri.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba wanakijiji wanashukuru kwa mradi, ambao maji yake yanatoka kwao, na walishiriki kuchimba, na wanaiomba serikali kwa heshima iwasaidie na wao wapate fungu.

Ulimi ulikwenda wenyewe. Nusu ilikuwa ile rehema ya Mzee Shaame, nusu ilikuwa khofu, na tangu siku ile nimejaribu kuzitenganisha nusu hizo mbili nisiweze.

Bi Zuhura alikuwa wima kabla sijamaliza. "Napinga, Mheshimiwa Jaji! Shahidi hakushukuru, wala hakuomba. Amesema wanataka kilicho chao."

Jaji akanigeukia. Alikuwa mtu wa haki, akanipa nafasi kamili. "Bwana mkalimani, umetafsiri kama alivyosema?"

Pale ndipo ilipokuwa siku yangu. Neno la kusahihisha lilikuwa tayari mdomoni, nililitumia kwa ajili ya ndugu Hamadi, ningeshindwa kulitumia kwa kijiji? Nikatazama safu ya mbele. Kisha nikamjibu jaji kwa sauti ya kitaalamu.

"Mheshimiwa Jaji, katika Kiswahili kutaka ni kuomba pia. Mtu akitaka radhi, anaomba radhi. Na kwa watu wa shamba hapa Pemba, 'twataka' ni namna ya adabu ya kuomba msaada."

Kila nilichosema kuhusu kutaka radhi ni kweli. Ndiyo maana uongo wangu ulikuwa mzuri. Nyuma ya ukumbi watu walinung'unika, karani akawanyamazisha. Mwanasheria wa serikali, ambaye Kiswahili chake ni kama changu, aliinamia karatasi zake asiseme neno. Bi Zuhura alibishana mpaka akaambiwa akae, maana yeye ni wakili wa upande mmoja na mimi ni ofisa wa mahakama niliyeapishwa. Jaji akaandika. Niliitazama kalamu ikienda mpaka mwisho wa mstari.

Bi Chumu hakujua Kiingereza, lakini alijua kwamba amezungumziwa. Aliposhuka kizimbani alinipitia karibu. "Umewaambia nini, bwana?" aliniuliza.

"Nimewaambia uliyosema, Bi."

Hukumu ilichukua miezi. Jaji alikubali kwamba mkataba haujatungiwa sheria, na kwamba malengo ya Katiba hayahojiwi. Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo linaloniua. Aliandika kwamba bado angeweza kutazama kama uhai na mali za watu wale zimeguswa kwa kunyang'anywa bila kushauriwa, lau wangedai hivyo wenyewe kizimbani, si kwa mdomo wa wakili tu. Ila kiongozi wao mwenyewe, chini ya kiapo, alipoulizwa anachokitaka, alishukuru na kuomba msaada. Mwenye kuomba msaada, aliandika, mlango wake ni wa serikali, mahakama haina wema wa kugawa. Shauri likatupwa.

Nilisimama palepale kuwatafsiria watu wa Mtondooni hukumu hiyo. Sentensi ile niliifikia, nikairuka. Ndiyo mara ya mwisho niliyolainisha, na safari hiyo sikuwa na pa kusingizia rehema.

Bi Zuhura alikuja kwangu nyumbani kabla ya rufaa. Mke wangu akamletea chai na mkate wa kumimina, hakugusa. Alinitaka niandike hati ya kiapo kwamba tafsiri ilikosewa, ili majaji watatu kule Unguja waione pamoja na jalada.

"Sisemi ulikusudia," aliniambia. "Sema umekosea tu. Kila mkalimani hukosea."

"Nimeapa kwa kazi yangu, Bi Zuhura. Siwezi kuanza kuyafuta maneno yangu."

"Uliapa nini khaswa?"

Niliijua ile yamini kwa moyo. Kutafsiri kwa ukweli na kwa ukamilifu, kadiri ya ujuzi wangu, bila khofu wala upendeleo. Sikumsomea. Nilimwambia nina watoto wanasoma na miaka michache imebaki nistaafu. Akainuka, akamshukuru mke wangu kwa chai, akaondoka. Mke wangu alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Alikichukua kikombe kilichojaa akakimwaga uani.

Majaji watatu walisoma jalada, wakakuta yaliyoandikwa, wakathibitisha. Bi Zuhura hakuchoka. Njia za ndani zilikuwa zimekwisha, akapeleka malalamiko kwenye chombo cha nje kinachosimamia ule mkataba. Ilipita miaka mingi. Mimi nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Nilipokwisha kuwa na saa na hakuna tena wa kuniondoa kazini, nikapata ushujaa. Niliandika ile hati kwa mkono wangu, kurasa nne, nikaeleza kila kitu, nikampelekea Bi Zuhura Unguja.

Jibu lake lilikuwa fupi. Uamuzi wa nje ulikuwa umekwishatoka. Wakubwa wa chombo kile walikuwa wamesema maneno mazuri sana juu ya haki ya maendeleo, kwamba ni haki ya kweli na watu lazima washauriwe na wanufaike. Lakini wao hawasikilizi ushahidi upya, wanachukua mambo kama mahakama za nchi zilivyoyakuta, na zilivyoyakuta ni kwamba walalamikaji waliushukuru mradi na wakaomba msaada. Alinipigia mstari sentensi yenyewe. Ilikuwa Kiingereza changu, neno kwa neno. "Hati yako nimeiweka katika faili," aliandika. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Ilinichukua mwezi mzima kwenda. Nilikwenda asubuhi kwa pikipiki mpaka barabara inapokwisha, nikashuka kwa miguu. Mtondooni sasa walikuwa na mfereji. Mmoja, njia panda, una saruji na kibao cha rangi kilichoandikwa kwamba ni msaada kwa wananchi. Wakubwa waliuletea na utepe wa kukata, na watu wakapigishwa makofi. Nikaufungua. Ukatoa upepo.

Bi Chumu nilimkuta uani anapepeta mchele. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini sauti ni ile ile. Nilipiga hodi, nikaamkia, akaniuliza mie n'nani.

"Ni mkalimani, Bi Chumu. Wa mahakamani."

"Aaa. Karibu. Mfereji umeuona? Wametusaidia."

Nikakaa chini mkekani, nikamwambia. Nilimweleza kama nilivyowaeleza nyinyi: safu ya mbele, kalamu, kutaka radhi, hukumu, hati niliyoikataa na hati niliyoichelewesha. Ungo ulikuwa umesimama mapajani. Wanawake wawili wa nyumba ya pili walikuwa wamesogea, wakasimama na ndoo zao.

Nilipokwisha nilimwomba radhi. Hakunijibu kwa radhi.

"Mie nilisema nini siku ile?" aliniuliza.

"Ulisema, twataka chetu."

"Na Kizungu chake ni nini?"

Nikamwambia.

"Sema tena. Sauti."

Nikasema tena, pale uani, mbele ya wale wanawake, maneno ambayo yangetosha kusemwa mara moja mbele ya kalamu ya jaji. Bi Chumu alitega sikio kama mtu anayeonja chumvi.

"Ndo yote hayo?"

"Ndiyo yote, Bi."

"Mbona mepesi?"

Akayatamka mwenyewe. Mara ya kwanza ulimi ulimteleza, nikamsahihisha. Mara ya pili akakaribia. Mara ya tatu aliyatoa sawasawa, kwa sauti yake ile nzito, na wale wanawake wakayarudia nyuma yake, mmoja huku anacheka.

"Basi," aliniambia, akaurudisha ungo mikononi. "Siku nyengine nitasema mwenyewe."